Umejuaje Kwamba Ndiye Adui?

Filamu ilikuwa haijafika hata dakika 10. Mtu mmoja alishuka garini, akafunga mlango taratibu, akainua macho kutazama dirisha la ghorofani. Hakusema neno. Mimi, niliyekuwa nimejinyoosha kwenye kochi kama mtaalamu, nikatoa hukumu: "Huyo ndiye adui."

Binti yangu ana miaka 11 na hapendi mtu amharibie filamu. Kwa kawaida angenizomea. Siku ile aliuliza tu, bila kuondoa macho kwenye runinga, "Umejuaje, Baba?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jibu nilikuwa nalo, tatizo lilikuwa kulitamka mbele ya mtoto. Nilijua kwa sababu yule mtu alikuwa na kovu lililoanzia pembeni mwa jicho likashuka hadi kwenye taya. Nilijua kwa sababu alikuwa mweusi kuliko wote waliokwisha kuonekana. Nilijua kwa sababu hakutabasamu, na koti lake lilikuwa refu. Nikasema, "Nimezoea tu."

"Umezoea nini?"

Mama yake akacheka. Mimi nikaongeza sauti ya runinga.

Saa moja baadaye ilithibitika kwamba nilikuwa nimepatia, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ningekosea, ningejifunza kitu usiku uleule. Lakini nimekuwa nikipatia miaka nenda miaka rudi, kwa sababu mimi na watengenezaji wa filamu tulishakubaliana zamani jinsi mtu mbaya anavyofanana. Sikumbuki kuulizwa kama nakubali. Nilikaa tu mbele ya kioo nikiwa mtoto, makubaliano yakanikuta pale pale.

Sisi tuliokua tukimwita shujaa wa filamu steringi, na mpinzani wake adui, tulikuwa na kanuni moja tuliyoishika kuliko somo lolote la darasani: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kuanguka korongoni, lakini ukiona ni yeye basi tulia. Kanuni ya pili hatukuwahi kuitamka kwa sababu haikuhitaji kutamkwa. Steringi na adui walijulikana kwa sura kabla ya kujulikana kwa matendo. Mtoto aliyechelewa kufika, akaikuta filamu katikati, aliuliza "nani adui?" na aliyejibu alielekeza kidole tu.

Mwaka 2017 madaktari wa ngozi walichapisha katika jarida la JAMA Dermatology uchunguzi ambao ungeweza kuwa mzaha kama usingekuwa wa kweli. Walichukua maadui 10 na mashujaa 10 wanaoongoza katika orodha ya American Film Institute, wakawakagua kama wagonjwa waliokuja kliniki. Maadui 6 kati ya 10 walikutwa na dosari za ngozi: makovu usoni, weusi chini ya macho, mikunjo mirefu, chunjua, upara. Kwa upande wa mashujaa hakuhesabiwa hata mmoja. Mwaka uliofuata British Film Institute ya Uingereza ikatangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa filamu zinazotumia kovu la usoni kuwa alama ya ubaya. Binti yangu alipolisikia hilo la upara alikitazama kichwa changu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Lakini nisiwasukumie watengenezaji wa filamu mzigo wote. Kuna jaribio la zamani ambalo wanafunzi wa sinema hufundishwa mapema sana. Karibu na mwaka 1920 mwongozaji wa Kirusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia tuli usioonyesha chochote, akauunganisha kwa zamu na picha nyingine tatu: bakuli la supu, mtoto aliyelala ndani ya jeneza, mwanamke aliyejilaza kwenye kochi. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji yule. Walisema ameonyesha njaa mbele ya supu, huzuni mbele ya jeneza, na tamaa mbele ya mwanamke. Uso ulikuwa ule ule mmoja.

Wahariri wa filamu hukisimulia kisa hiki kwa fahari, kuonyesha nguvu ya mkasi wao. Mimi kilinitisha. Maana mkasi ule ninao, na ninautumia bila filamu yoyote. Nikipishana na mtu kwenye ngazi usiku, uso wake umetulia tu, hauna habari na mimi. Supu au jeneza naleta mwenyewe. Akiwa amevaa suti namwona msomi aliyechoka na kazi. Akiwa amevaa kandambili namwona mtu aliyedhamiria jambo. Naye huenda anawaza tu kama amezima taa.

Sinemani mambo haya hupita salama. Giza linakuficha, unacheka pamoja na watu usiowajua, taa zikiwaka kila mtu anashika njia yake. Nyumbani hakuna pa kujificha. Unacheka mbele ya watu watakaokuona kesho asubuhi, wenye kumbukumbu, wenye maswali, na mmoja wao ana rimoti na anaweza kuirudisha nyuma sehemu uliyocheka.

Hilo nililijua vizuri siku tuliyomkaribisha mwenzangu wa kazini. Ni mtu wa utani, watoto wanampenda, binti yangu humwita Anko kana kwamba ni damu moja. Tuliweka filamu ya kuchekesha. Ndani yake kulikuwa na mlinzi wa geti ambaye kazi yake nzima katika hadithi ilikuwa kuzungumza. Hakuwa na jina wala familia. Alikuwa na lafudhi. Kila alipofungua mdomo, herufi zilibadilishana nafasi, maneno yalivutwa mwishoni, nasi tukacheka. Nadhani nilicheka kuliko wote. Nilifika mahali pa kumwiga.

Mgeni wetu anatoka katika watu wanaozungumza vile. Si kwa kiasi kile cha filamu, ambacho hakuna binadamu anayekifikia, ila ukimsikiliza akiwa amechangamka unaisikia. Nimefanya naye kazi miaka 6. Nilikuwa naijua lafudhi yake kama ninavyoijua miwani yake, na usiku ule sikuiona miwani wala sikuisikia lafudhi. Filamu ilipokwisha alitushukuru, akamsifu mama mwenye nyumba kwa ukarimu, akamtania binti yetu kuhusu hesabu, akaaga.

Mke wangu alikuwa anakusanya glasi. "Umeona?"

"Nini?"

"Alicheka mara moja tu, ile ya kwanza. Baada ya hapo alikuwa anatusikiliza."

Nikaanza kujitetea, na utetezi wenyewe ndio ulioniumbua. "Lakini ni mstaarabu sana," nikasema. "Hakukasirika hata kidogo."

Alitikisa kichwa tu, akaenda jikoni, akaniacha na neno langu.

Ustaarabu. Ukilifumua utamkuta Mwarabu ndani yake: kustaarabu kwa asili ni kuwa kama Waarabu, kuchukua mwenendo wao, na aliyebaki na mwenendo wake aliitwa mshenzi. Nikakimbilia neno jingine, uungwana, nikidhani hilo ni safi zaidi. Mwungwana kwa asili ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Kumbe maneno mawili ninayoyategemea ninapotaka kusifu tabia njema, yote mawili yalianza kwa kuchora mstari na kumwacha mtu upande wa pili. Sisemi tuyatupe. Maneno husahau yalikotoka, na mengine heri yasahau. Ila usiku ule nililitumia moja yao kama walivyolitumia wenyewe wa zamani: nilimpima mtu kwa jinsi alivyokubali kukaa pale nilipomkalisha.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama filamu za zamani kwa jicho jingine. Naangalia ni nani anayedaiwa adabu.

Chukua usiku wa tarehe 29 Februari 1940, Los Angeles. Hattie McDaniel alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kumwigiza mtumishi wa ndani katika Gone with the Wind. Hoteli ya Ambassador, ilikofanyika sherehe, haikuwa ikipokea watu Weusi, na ilibidi mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, aombe ndipo akaruhusiwa kuingia. Alikalishwa kwenye meza ndogo karibu na ukuta, mbali na waigizaji wenzake. Miezi michache kabla ya hapo filamu ilipozinduliwa Atlanta hakuhudhuria kabisa, kwa kuwa sheria za ubaguzi zisingemruhusu kukaa na wenzake. Jina lake lilipotajwa alinyanyuka kwenye meza yake ya ukutani, akavuka ukumbi mzima, akashukuru. Alisema anatumaini daima atakuwa sifa njema kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ukumbi uliomweka ukutani haukuombwa uwe sifa njema kwa mtu yeyote. Waliokaa meza za mbele walikuwa wamevaa vizuri, walipiga makofi. Ukiwauliza wangekwambia jioni ilikuwa ya kistaarabu, na wasingekuwa wanadanganya. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyemsukuma mtu. Kazi yote ya ubaguzi ilikuwa imeshafanywa mapema na mpangilio wa viti, kwa hiyo kila mtu angeweza kuwa mpole.

Au chukua Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967. Binti Mzungu anamleta nyumbani mchumba wake Mweusi, na wazazi, watu wa fikra huru wanaojisifu kwa hilo, wanagundua kwamba fikra zao ni huru zaidi mtoto wao akiwa hayumo. Sidney Poitier anamwigiza mchumba. Ni daktari wa sifa za kimataifa, mpole, msomi, mjane, hana kasoro moja. Mwongozaji Stanley Kramer alimtengeneza hivyo kwa makusudi, ili pasibaki sababu ya kumkataa isipokuwa rangi. Hoja yake naielewa, na kwa wakati ule ilikuwa nzito: filamu ilipokuwa ikipigwa, majimbo yapata 16 ya Marekani yalikuwa bado na sheria za kukataza ndoa za namna hiyo, hadi Mahakama Kuu ilipozifuta tarehe 12 Juni mwaka ule ule. Lakini nilipoitazama sebuleni kwangu nilichoka kwa niaba ya yule daktari. Mtu anatakiwa kuwa tegemeo la ulimwengu wa tiba ndipo apewe kiti mezani. Fundi wa mabomba mwenye hasira za karibu na utani mbaya, anayempenda yule binti vile vile, yeye angefanywaje?

Mwenzangu naye ni kama huyo daktari, niligundua. Miaka 6 sijawahi kumwona akipandisha sauti ofisini. Nilikuwa nikiamini hiyo ni tabia yake.

Filamu ambayo imenisaidia kuliko nyingine ni 12 Angry Men ya mwaka 1957, kazi ya Sidney Lumet, dakika 96, karibu zote zikiwa ndani ya chumba kimoja chenye joto kali. Wanaume 12 wamefungiwa humo waamue kesi ya kijana anayeshtakiwa kwa kumuua baba yake. Wakikubaliana kwa kauli moja kwamba ana hatia, atauawa. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1. Kijana mwenyewe tunamwona mwanzoni tu, uso mmoja uliotulia katika hofu yake, kisha hatuonyeshwi tena. Yaani wazee wale 12, nasi pamoja nao, tunaachiwa uso na kila mmoja analeta supu yake.

Mmoja wao ana neno analolirudia, "wale": wale wanazaliwa hivyo, wale hawathamini uhai. Katika kumdharau kijana anasema hata lugha hajui, na anaposema hivyo anaivunja sarufi yeye mwenyewe. Mhamiaji mmoja, fundi saa, mtu mwenye adabu hadi inamkera jirani yake, anamsahihisha kwa upole neno moja tu na kunyamaza. Nyani haoni kundule. Binti yangu alicheka akataka turudie, tukarudia mara tatu.

Halafu inakuja sehemu ambayo sikuitegemea. Yule mtu wa "wale" anashindwa kujizuia na kuanza kumwaga yote yaliyomo moyoni, sauti ikipanda. Mtu mmoja ananyanyuka mezani, anaenda dirishani, anampa mgongo. Anafuata mwingine. Kisha mwingine. Hakuna anayebishana naye wala kumzomea. Anazidi kuongea, na sauti inazidi kukosa pa kutua, hadi mezani anabaki karibu peke yake. Anayemalizana naye ni mtu nadhifu kuliko wote mle ndani, aliyevaa koti muda wote na anayedai huwa hatoki jasho, na ambaye mpaka dakika ile bado anaamini kijana ana hatia. Huyo ndiye anayemwambia akae na asifungue tena mdomo wake.

Anakwenda kukaa kwenye meza ndogo, pembeni, karibu na ukuta.

Nilisimamisha filamu pale. Nilikuwa nafikiria meza nyingine, ya mwaka 1940, na jinsi samani ile ile inavyoweza kubeba watu tofauti. Binti yangu alikuwa na wazo lake. "Si umesema kumpa mtu mgongo akiwa anaongea ni kukosa adabu?"

"Nimesema."

"Sasa?"

Kwa kweli ni kukosa adabu. Ukija kwangu ukanipa mgongo nikizungumza, nitakumbuka. Lakini watu wale walikuwa wamekaa na mtu yule saa nzima, wakimvumilia kistaarabu, wakitabasamu pembeni mwa maneno yake, na uvumilivu wao ndio uliompa ujasiri wa kuendelea. Adabu yao ilikuwa inamlinda yeye dhidi ya kijana asiyekuwepo chumbani. Nilimwambia mtoto kitu cha namna hiyo, kwa maneno marefu zaidi na yasiyoeleweka. Akasema, "Kwa hiyo siku ile Anko angetupa mgongo?"

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu siku ile. Kumbe naye alikuwa ameona.

Sasa niseme nilichofanya, nacho si cha kujivunia. Sikumwomba radhi mwenzangu. Nilimwonyesha adabu. Kwa wiki nzima nilimsalimia kwa urefu usio wa kawaida, nikamuulizia hali ya kila mtu wa nyumbani kwake, nikamshikia mlango hata pale alipokuwa mbali kiasi cha kulazimika kukimbia ili asinichoshe. Alipozungumza kwenye kikao niliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Siku ya tano akanivuta pembeni.

"Bwana, umefiwa?"

"Hapana."

"Basi nani amekwambia mimi naumwa?"

Ndipo nikasema. Nilianza na filamu, nikaingia kwenye mlinzi wa geti, nikapotelea katikati. Alinisikiliza kwa uso uliotulia kabisa. Uso wa Mozzhukhin. Nilijitahidi kuusoma nikaona msamaha, nikaona hasira, nikaona uchovu, vyote kwa zamu, na vyote pengine nilivileta mwenyewe. Alipoona nimekwama akasema, "Safari ijayo filamu nachagua mimi," akarudi mezani kwake.

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Filamu aliyoleta sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya kuchekesha pia. Ndani yake kulikuwa na bwana mmoja mwenye upara, mkubwa wa ofisi, anayejua kila kitu, anayetoa hukumu kabla watu hawajamaliza kuingia mlangoni. Alizungumza kama tunavyozungumza kwetu, kama alivyozungumza marehemu baba yangu, maneno yamenyooka na kupigwa pasi, na kila alipoyanyoosha alitumbukia shimo jingine. Mke wangu alijifunika uso kwa mto wa kochi. Binti yangu alicheka hadi akateleza sakafuni. Mgeni wetu alicheka kidogo tu, kwa adabu. Hakuwa akitazama sana runinga.

Mimi nilitabasamu. Nilikuwa nimeliandaa tabasamu lile tangu dakika za mwanzo, na kufikia nusu ya filamu mashavu yalikuwa yanauma.

"Baba," binti yangu akasema kutoka sakafuni, akijifuta machozi, "mbona wewe hucheki?"

Rimoti ilikuwa mkononi mwa Anko. Akasimamisha filamu, na wote watatu wakanigeukia, wakingoja.